Jino Halipiti kwenye Simu

Arua
3 Machi 2024

Kwa shangazi yangu Keji, mama Tombe,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Tombe na mbuzi wako wote. Huku Arua sisi ni wazima. Mke wangu Ayikoru anakusalimia sana; biashara yake ya vitenge sokoni inakwenda, ingawa anasema wanawake wa mwaka huu wanapapasa kitambaa asubuhi nzima kisha wanaenda zao bila hata kuaga. Mimi nimepewa darasa la pili, watoto wengi mpaka wengine wanakaa kwenye kingo za madirisha. Shamim wetu yumo humo humo. Akinyoosha mkono na kuniita "Mwalimu" kwa heshima, nasahau kabisa kwamba ni binti yangu, na kwamba asubuhi hiyo hiyo amekataa kuoga.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Shangazi, jino halipiti kwenye simu.

Shamim ameanza kung'oka meno ya utoto. La kwanza tulilifanyia vile ulivyotufanyia sisi pale Ludara: nikampeleka uani, akalirusha juu ya paa na kumwomba mjusi amletee jipya. Lakini paa letu ni la bati. Jino liligonga, likateleza, likaanguka mbele ya jogoo wa jirani, na jogoo akalimeza. Mtoto alilia mpaka majirani wakaja. "Kuku imekula jino yangu! Sasa mimi itaota meno ya kuku!" Nikamwambia kuku hana meno. Akalia zaidi.

Sasa la pili limetoka. Ayikoru ndiye aliyesema, "Peleka Ludara, kwa shangazi yako iko nyasi." Kwa hiyo limo humu ndani ya kiberiti, limefungwa kwa pamba. Obeti, yule anayeleta unga wa muhogo Arua, ameahidi kulifikisha. Tafadhali lirushe kwa mkono wa kulia, mwenyewe amesisitiza.

Ni mimi mwanao,
Lomoro


Ludara, Koboko
19 Machi 2024

Mwanangu Lomoro,

Wa aleikum salaam. Nimecheka kwa habari ya jogoo mpaka Tombe akaja mbio akidhani nimeumwa na kitu. Tuko salama. Ramadhani imetukuta na joto kali, lakini jioni tukipata uji wa mtama na simsim tunasahau mchana ulikuwaje. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Muhogo wa upande wa mto umekubali, ule wa upande wa njia wameula ngedere, na ngedere wa mwaka huu hawakimbii mtu, wanakutazama tu wakitafuna.

Tombe amenunua mabati. Ameyaegemeza kwenye ghala na kila siku anayapangusa vumbi ili niyaone. Anataka kuiezeka nyumba kubwa kabla ya mvua. Nimemwambia asubiri. Ameuliza asubiri nini. Nimemwambia mimi ni mama yake.

Jino nimelirusha kwa mkono wa kulia, limekaa juu ya nyasi vizuri. Lakini kabla ya kulirusha nililitazama. Lomoro, meno ya utoto niliyoyarusha juu ya paa hili siwezi kuyahesabu, yako na ya baba yako yamo. Yalikuwa meupe. Hili lilikuwa jeusi upande mmoja, na tundu kama maharagwe yaliyoingiwa na fukusi. Umeniandikia habari za jogoo kwa urefu, habari za tundu hukuniandikia hata neno. Huyo mtoto anakula nini?

Msalimie Ayikoru. Mwambie kile kitenge alichoniletea nakivaa Ijumaa tu, na wenzangu msikitini wamekoma kuniringia.

Shangazi yako,
Keji


Arua
28 Aprili 2024

Kwa shangazi yangu mpendwa,

Salamu za baada ya Idd. Tulisherehekea vizuri. Ayikoru, ingawa yeye ni Mkristo na sikukuu yake ni Pasaka, alipika kuliko sisi wenyewe, na ndugu zake walikuja kutoka Ajia na jogoo wawili. Tulimtazama kila jogoo kwa makini kabla ya kumla, maana Shamim alitaka kujua kama ndani kuna jino.

Umeniuliza mtoto anakula nini. Nyumbani anakula kama sisi. Lakini nje ya geti la shule kuna mama mwenye switi, mwenye vipande vya muwa, na mwenye barafu nyekundu kwenye vifuko vya nailoni, na hao watatu wanawafundisha watoto zaidi yangu. Siku ya Idd kila mgeni alimpa Shamim switi, naye alizificha chini ya mto wake akawa anazimumunya akilala. Tulizikuta pale ambapo sisimizi walituonyesha.

Sasa nisikilize na usicheke. Shamim aliwasimulia wenzake habari ya paa lako. Wiki iliyofuata mtoto anayeitwa Jude alikuja na jino kwenye karatasi. Baada yake wengine. Wazazi wao wote wana bati, shangazi, Arua hii nyasi utaipata wapi! Ndani ya mfuko huu kuna meno ya darasa la pili, na kila moja nimeliandikia jina. Nilipokuwa nayapanga mezani niliyaona mashimo. Karibu yote. Niliyatazama kwa muda mrefu kisha nikayafunga.

Jambo lingine dogo. Shamim analalamika juu ya jino la nyuma, chini, upande wa kushoto. Anatafuna kwa upande mmoja. Ayikoru anataka twende kwa daktari wa meno. Mimi nimesema tungoje kidogo, kwa sababu nimebanwa na mitihani. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Lomoro


Ludara
12 Mei 2024

Mwanangu,

Mvua imeanza na sisi ni wazima. Mapacha wa mbuzi wanaruka juu ya kila kitu, hata juu ya mabati ya Tombe, na kelele yake mchana inawafanya wapita njia wageuke. Mvua ya juzi ilipita kidogo ndani ya nyumba, tone moja, mawili. Nimesogeza kitanda. Si kitu.

Mfuko wa meno umefika. Nilitoka uani, nikasoma jina la kila mtoto kwa sauti ili mjusi asichanganye, kisha nikarusha. Wanawake waliokuwa wanatoka kuteka maji wakasimama. Mmoja akaniuliza, "Keji, wewe nafanya nini?" Nikamwambia, "Mimi iko na panda shule." Sasa kila wakipita wananiuliza shule imeota majani mangapi. Mwambie Jude jino lake lilikwenda juu kabisa kuliko mengine.

Juu ya jino la nyuma la Shamim: usihangaike. Ni la utoto, litaanguka lenyewe kama wenzake. Kumpeleka mtoto kwa mtu wa koleo kwa jino ambalo kesho litatoka ni kumtisha bure. Msukutue kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, mpe karafuu aiweke hapo, na hizo switi waachie wale sisimizi. Likitoka niletee. Kwa hilo nitakaa na nyasi zangu hata Tombe akasirike. Nimeshamwambia: mpaka jino la mwisho la Shamim litue juu ya paa hili, bati halipandi.

Na wewe, hayo meno yako mwenyewe yakoje? Hujasema.

Shangazi yako,
Keji


Arua
7 Julai 2024

Kwa shangazi yangu,

Naomba unisamehe kwa ukimya. Barua yako ilinifikia imechelewa sana, maana Obeti alikuwa na msiba Ajia na mzigo wake wote ulilala huko. Halafu ikaja michezo ya shule. Halafu mvua. Sisi ni wazima kwa jumla. Ayikoru ameuza vitenge vizuri Idd ya pili na amenunua redio.

Neno lenyewe ni hili, na sijui nianzie wapi. Wiki iliyopita alikuja shuleni daktari wa meno, mwanamke anaitwa Candia, na kiti cha kukunja na taa ya kufunga kichwani. Aliwatazama watoto wote wa darasa la pili. Alipofika kwa Shamim alitazama lile jino la nyuma, akaniita pembeni.

"Mwalimu, hii jino inauma toka lini?"

Nikamwambia toka mwezi wa nne, lakini si neno, ni la utoto, tunangoja lianguke.

"Nani nasema iko ya utoto? Hii hapana ya utoto. Hii naota kwa miaka sita, nyuma ya zile zingine, bila ingine kuanguka. Ndiyo sababu watu hapana jua. Hii iko ya mutu mukubwa. Ikitoka, hakuna ingine nakuja."

Shangazi, mimi ni mwalimu. Hilo sikuwahi kufundishwa. Anasema shimo bado halijafika kwenye mzizi. Likizibwa sasa jino litapona, na halihitaji mashine, anakwangua kwa vijiko vidogo vya chuma na kujaza dawa nyeupe. Likicheleweshwa mpaka lifike chini, dawa yake ni kung'oa tu, na mtoto wa miaka saba atakaa na pengo hilo maisha yake yote.

Alitaka kuziba siku ile ile. Shamim alifunga mdomo. Daktari alimbembeleza, mimi nikambembeleza, mwalimu mkuu akaja akambembeleza. Mwisho Shamim akasema maneno mawili: "Baba kwanza." Darasa lote likaitikia, "Mwalimu kwanza! Mwalimu kwanza!"

Nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Nikatoka.

Daktari Candia atarudi tarehe pili ya mwezi wa nane, Ijumaa. Baada ya hapo anakwenda mafunzoni mpaka mwisho wa mwaka. Siku hiyo nitajitahidi, lakini huenda nikawa na shughuli. Ayikoru hanisemeshi vizuri. Shamim anakula uji tu.

Mwanao,
Lomoro


Ludara
11 Julai 2024

Lomoro,

Leo sina habari za mbuzi.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi ndiye niliyekwambia ungoje. Nilikuwa naringa na paa langu, naringa na watoto wa shule wanaonitumia meno, nikajiona mimi ndiye najua kila kilichomo kwenye kinywa cha mtoto. Jino hilo sikulijua. Katika maisha yangu yote sikulijua. Nilienda kujitazama kwenye kioo cha Tombe, kweli, mapengo yangu mawili ya nyuma ni hapo hapo. Na mimi niliambiwa ni ya utoto. Moyo unaniuma, mwanangu, na nakwambia wazi ili usifikiri hasira hii ni ya kwako peke yako.

Lakini ya kwako ipo. Mitihani, michezo, mvua, madaftari! Unadhani mimi sikujui? Ni mimi niliyekupeleka sokoni Abuku kwa yule mzee wa koleo ulipokuwa na miaka tisa. Hata hakufika kwenye jino. Ulimng'ata kidole, ukapita chini ya meza ya mwuza samaki, ukakutwa jioni ndani ya shamba la tumbaku. Yule mzee alibadilisha soko. Tangu siku hiyo hujafungua mdomo mbele ya mtu yeyote mwenye chuma mkononi, na mimi sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu nakupenda na kwa sababu ni jambo la kuchekesha mno, ningelisema lingefika Congo.

Mama yangu, bibi yako, alikaa chini siku moja akang'olewa meno manne ya mbele ya chini, mazima, hayana ugonjwa, kwa ajili ya urembo tu! Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani. Na alirudi nyumbani anaimba. Wewe una mwanamke mwenye taa kichwani na sindano ya kufa ganzi, na unamkimbia.

Mtoto hakukataa daktari. Mtoto anakutazama wewe. Nami sitaki aje kutafuna upande mmoja kama mimi, akimwachia mwenzake nyama.

Sasa nisikilize. Tombe nimemwambia aiezeke nyumba kubwa bati, maana matone niliyokuambia mawili yalikuwa mengi, na kitanda nimekisogeza mpaka hakuna pa kusogea. Jikoni panabaki nyasi, meno ya utoto yatakwenda jikoni. Hilo limekwisha. Lililobaki ni lako. Tarehe pili, Ijumaa, utakaa kwenye kiti. Ukiwa na shughuli, mimi nitapanda gari nije, nitaingia darasani na kitenge changu cha Ijumaa, nikukalishe mbele ya wanafunzi wako kwa sikio.

Obeti amenicheka alipoona nimefunga bahasha kwa gundi, kamba na gundi tena. Namtuma mbio.

Nakupenda,
Shangazi yako Keji


Arua
4 Agosti 2024

Shangazi yangu, mama yangu,

Salaam aleikum kutoka kwetu sote, na leo salamu hizi zinatoka kwenye nyumba inayopiga kelele. Ayikoru ananisemesha. Tena amepika kuku. Hongera kwa bati jipya. Obeti anasema linaonekana kutoka barabarani na kwamba Tombe anawaita watu waje kulitazama.

Ijumaa nilienda shuleni mapema. Getini niligeuka kama mtu anayerudi nyumbani. Niliwaza habari ya sikio, nikajua unaweza, nikaingia. Daktari Candia alikuwa ameshafungua kiti chake kwenye kona ya darasa, chini ya ubao. Watoto walikuwa wamesimama juu ya madawati. Nikasema, kwa sauti ambayo sijui nilitoa wapi, "Leo somo ni mwalimu." Nikakaa.

Alinitazama kinywa kwa muda, taa yake ikiniwaka machoni. Akasema, "Mwalimu, hii ya nyuma ya juu hapana ya kuziba. Ilikuwa ya kuziba zamani. Wewe iko nayo toka lini?"

Nikamwambia toka kabla sijaoa.

Darasa lote likasema, "Aaaa!" Miaka yote nilikuwa nalalia upande mmoja tu kulikwepa jino hilo, nikijidanganya kwamba ni mazoea. Basi akanidunga sindano. Shangazi, ilikuwa kama kuumwa na nyigu mmoja, kisha shavu likaondoka likaenda zake. Nikaona koleo. Nikafumba macho. Nikasikia mkono mdogo unaingia ndani ya mkono wangu, na Shamim akisema, "Baba, hapana ng'ata daktari." Ayikoru amemsimulia habari ya Abuku. Na wewe ndiye uliyeiandika, na bahasha aliifungua yeye.

Lilitoka. Daktari aliliinua juu, jeusi, na mizizi mirefu, na watoto wakapiga makofi kama timu yetu imefunga bao. Jude akapiga mluzi. Daktari akawaambia, "Mnaona? Hii ilikuwa tundu ndogo, ndogo sana, kama ya nyinyi. Mwalimu alingoja." Nikatikisa kichwa kukubali, maana mdomo ulikuwa umejaa pamba. Katika ualimu wangu wote sijapata somo lililosikilizwa namna ile.

Halafu Shamim akapanda kwenye kiti bila kuambiwa. Alifungua mdomo wazi kabisa. Daktari alikwangua kwa kijiko chake kidogo, polepole, akitoa uozo na kuupangusa kwenye pamba, na mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mtoto ingawa hakuna aliyeniomba. Alikwangua mpaka nikaona kazi haiishi. Kisha akasimama, akageuza taa, akaangalia tena. Akasema shimo halikufika chini. Kidogo tu ndicho kilichobaki, lakini halikufika. Akajaza ile dawa, akaibonyeza kwa kidole, akamwambia Shamim ang'ate karatasi, na kazi ikaisha.

Baada ya Shamim walipanga foleni wenyewe. Daktari alifanya kazi mpaka dawa yake ikaisha, na waliobaki walilalamika. Waliolalamika walikuwa wanataka kwenda kwenye kiti, shangazi! Amesema wataingia kwenye ratiba ya mwenzake. Mwalimu mkuu amezungumza na yule mama wa switi getini, na sasa anauza karanga na ndizi, switi zipo lakini amezisogeza nyuma. Kila asubuhi tunapiga mswaki uani pamoja kabla ya kuingia, mimi mbele. Aliye na mswaki wa duka analeta, aliye na wa mti analeta, na ardhi yote pale imekuwa nyeupe kwa povu.

Jana jioni Ayikoru alichoma mahindi. Shamim alichukua la kwake, akakaa nje, akaanza upande wa kushoto. Tulimsikiliza anavyotafuna.

Shavu langu bado limevimba kidogo lakini mimi mwenyewe ni mzima. Sikulia.

Mwanao,
Lomoro

Bibi Keji, mimi Shamim. Baba amenipa kalamu ameenda kufunga kuku. Jino yangu iko. Daktari nasema hii mimi iko nayo mpaka uzee kama wewe. Baba nasema hapana lia, lakini baba alilia. Hapana kwa sindano. Hapana kwa koleo. Alilia wakati daktari alisema ya kwangu imepona.